Mwadi Mabika: binti wa Kinshasa aliyetwaa ubingwa wa Marekani mara mbili

Ukiwauliza wazee wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi kuhusu mwaka wa 1974, watakutajia mara moja ekipe ya mpira wa miguu ya Zaire, Léopards, iliyokwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Watakukumbusha kwamba ilifungwa mabao 9 kwa 0 na Yugoslavia, na bado watasema kwa fahari kwamba ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika pale. Lakini uliza kuhusu wanawake wa Zaire waliokwenda Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1996 kucheza mpira wa kikapu. Wengi watanyamaza, wengine watashangaa kusikia kwamba jambo hilo lilitokea.

Lilitokea. Na wanawake wale walikuwa wa kwanza kutoka bara zima la Afrika kucheza basketi ya wanawake kwenye Olimpiki. Mmoja wao, Mwadi Mabika, aliingia baadaye katika ligi kubwa ya wanawake ya Marekani, WNBA, akacheza humo misimu 12 na kushinda ubingwa mara mbili. Historia yake inastahili kujulikana na kila mtoto wa Kongo, hasa wale wanaokua leo mbali na vijiji vya wazazi wao.

Alizaliwa wakati wa authenticité

Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976. Nchi ilikuwa inaitwa Zaire, mto uliitwa Zaire, na pesa pia iliitwa zaire. Tangu mwaka wa 1972 Rais Mobutu alikuwa amekataza raia kutumia majina ya Kikristo ya kizungu. Ndiyo maana watoto wengi wa miaka ile waliandikishwa kwa majina ya mababu tu. Mwadi ni jina la Kiluba. Katika ufalme wa zamani wa Waluba, kule Katanga, neno hilo lilikuwa pia cheo kikubwa: mwadi alikuwa mwanamke aliyeaminika kubeba roho ya mfalme aliyekufa.

Wakati Mwadi anakua, basketi ya wanawake haikuwa jambo dogo nchini. Zaire ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika mwaka wa 1983, na tena mwaka wa 1986. Mpinzani mkubwa alikuwa Senegal, ambaye alitawala mchezo huo barani tangu miaka ya 1970. Kwa miaka mingi kombe lilikuwa likienda Dakar. Kama haliendi Dakar, basi lilikuja Kinshasa.

Halafu nchi ikaanza kubomoka. Mwezi wa Septemba 1991 askari wasiolipwa mishahara walipora Kinshasa, na raia wakafuata. Mwezi wa Januari 1993 uporaji ukarudi. Bei zilipanda kila siku. Mtu alikwenda sokoni na mfuko wa pesa na kurudi na chakula kidogo. Walimu, wauguzi na watumishi wa serikali walikaa miezi bila mshahara. Katika hali hiyo, nani angefikiria ekipe ya wanawake?

Hata hivyo, mwaka wa 1994, kwenye mashindano ya Afrika yaliyofanyika Johannesburg, wanawake wa Zaire walichukua kombe kwa mara ya tatu. Kombe hilo ndilo lililowafungulia mlango wa Olimpiki ya Atlanta.

Atlanta, mwaka wa 1996

Kufuzu ni kitu kimoja, kufika ni kitu kingine. Serikali ya Zaire ya mwaka wa 1996 ilikuwa imechoka kabisa. Mtu aliyejitokeza kuwasaidia wachezaji hao ni Mkongomani mwenzao, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa ambaye tayari alikuwa nyota wa ligi ya wanaume ya NBA. Kwa pesa zake mwenyewe Mutombo alilipia nguo za kuchezea na gharama za ekipe hiyo. Ni jambo la heshima kwake. Ni jambo la aibu kwa nchi yenye shaba, almasi na dhahabu kwamba binti zake walivishwa na mchezaji mmoja.

Uwanjani mambo yalikuwa magumu. Zaire iliwekwa katika kundi moja na Marekani, Ukraine, Australia, Kuba na Korea ya Kusini. Wachezaji wa nchi hizo walikuwa wamejiandaa kwa muda mrefu. Wamarekani peke yao walikuwa wamekaa pamoja karibu mwaka mzima, wakizunguka dunia na kucheza mechi za maandalizi. Walipokutana na Zaire, matokeo yalikuwa 107 kwa 47. Zaire ilipoteza mechi zake zote na kumaliza ya mwisho, nafasi ya 12.

Katika ekipe ya Marekani iliyoifunga Zaire kwa tofauti ya alama 60 alikuwamo mwanamke mrefu wa mita 1 na sentimita 96, Lisa Leslie. Katika ekipe iliyofungwa alikuwamo Mwadi Mabika, aliyetimiza miaka 20 wakati Michezo hiyo inaendelea. Hakuna aliyeweza kujua siku hiyo kwamba mwaka mmoja tu baadaye wawili hao wangevaa jezi ya rangi moja.

Nchi inabadilika jina

Michezo ya Atlanta ilimalizika tarehe 4 Agosti 1996. Miezi mitatu haikutimia, vita ikalipuka mashariki mwa nchi. Uvira ilianguka katika wiki ya mwisho ya Oktoba, kisha Bukavu, na mwanzoni mwa Novemba Goma. Familia za Kivu hazihitaji kusimuliwa kilichofuata. Wenye umri wa zaidi ya miaka 35 wanakumbuka barabara zilizojaa watu, magodoro kichwani, watoto waliopotezana na mama zao.

Tarehe 17 Mei 1997 waasi wa AFDL waliingia Kinshasa. Mobutu alikuwa amekwisha kukimbia. Jina la Zaire lilifutwa, bendera ya kijani yenye mwenge ikashushwa, na nchi ikarudi kuitwa Kongo.

Wiki tano baadaye, tarehe 21 Juni 1997, ligi mpya ya wanawake, WNBA, ilicheza mechi yake ya kwanza karibu na Los Angeles, katika ukumbi wa Great Western Forum. Timu ya nyumbani, Los Angeles Sparks, ilipokea New York Liberty na kupoteza 67 kwa 57. Ligi ilianza na timu 8 tu. Katika kikosi cha Sparks cha msimu huo wa kwanza alikuwamo Mwadi Mabika. Aliondoka nyumbani akiwa Mzaire, akaanza kazi ugenini akiwa Mkongomani, na yeye mwenyewe hakuwa amebadilika chochote.

Kazi ya mchezaji wa nyuma

Kwa wasiofahamu basketi, inafaa kueleza kazi yake. Kila timu inaweka wachezaji 5 uwanjani. Wale warefu zaidi hukaa karibu na kikapu, wanapigania mipira inayorudi na kufunga kwa karibu. Wengine, ambao kwetu huitwa kwa Kifaransa « arrières », hucheza mbali zaidi. Wao wanapandisha mpira, wanatafuta mwenzao aliye wazi, wanapiga kwa mbali, na timu ikinyang'anywa mpira wanakuwa wa kwanza kukimbia nyuma kuzuia.

Mabika ana urefu wa karibu mita 1 na sentimita 80. Alicheza nafasi hiyo ya nyuma, na mara nyingine pembeni. Silaha yake ilikuwa mpira wa mbali. Mpira unaopigwa kutoka nje ya mstari wa nusu duara huhesabiwa alama 3 badala ya 2. Katika WNBA ya miaka ile mstari huo ulikuwa mita 6 na sentimita 2 kutoka kwenye kikapu. Mchezaji anayeweza kufunga kutoka pale ana faida ya pili ambayo haionekani kwenye karatasi ya matokeo: anamlazimisha mpinzani kumfuata hadi mbali. Mpinzani akimfuata, katikati panabaki wazi kwa warefu. Asipomfuata, anaadhibiwa kwa alama 3.

Kwa hiyo Sparks ilikuwa na mzigo wa aina mbili kwa wapinzani. Ukimzunguka Leslie kwa watu wawili chini ya kikapu, mpira unatoka nje na kumfikia Mabika. Ukibaki na Mabika nje, Leslie anabaki na mtu mmoja.

Lakini hayo hayakuja kwa siku moja. Mwaka wa 1997 Mabika hakuwa nyota. Alikuwa kijana wa miaka 20 katika nchi ngeni, katika timu iliyoshinda mechi 14 na kupoteza 14, na muda mwingi alikaa akisubiri zamu yake. Mwaka uliofuata timu ilikuwa mbaya zaidi: ushindi 12, kushindwa 18. Wachezaji wengi wa kigeni waliokuja msimu wa kwanza waliondoka na hawakurudi tena. Yeye alibaki, na kila mwaka alipewa dakika nyingi zaidi.

Miaka miwili ya dhahabu

Mwaka wa 2000 Sparks ilipata kocha mkuu mpya, Michael Cooper, ambaye enzi zake katika Lakers alijulikana kama mmoja wa wachezaji wakali zaidi katika kuzuia. Msimu huo Sparks ilishinda mechi 28 na kupoteza 4 tu. Mabika alichaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi. Lakini walipofika kwenye michuano ya mwisho waliangushwa na Houston Comets, timu iliyokuwa imechukua ubingwa wote tangu ligi ianze: 1997, 1998, 1999, na sasa 2000.

Mwaka wa 2001 walirudi na rekodi ileile, 28 kwa 4. Safari hii waliitoa Houston katika raundi ya kwanza, wakaipita Sacramento, na kwenye fainali wakaifunga Charlotte Sting mechi mbili mfululizo. Mechi ya mwisho, iliyochezwa Los Angeles, ilikwisha kwa 82 kwa 54. Mwanamke wa Kinshasa alikuwa bingwa wa Marekani.

Nyumbani, mwaka huo ulikuwa wa majonzi. Rais Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameuawa mwezi wa Januari. Nchi ilikuwa imegawanyika vipande, majeshi ya kigeni yalikuwa ndani, na mtu wa Goma hakuweza kusafiri Kinshasa bila kupita nchi za nje. Habari za ubingwa wa Mabika zilifikia wachache.

Mwaka wa 2002 ulianza na msiba mwingine: tarehe 17 Januari volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya Goma, ikaunguza mitaa na soko na kuwaacha maelfu bila nyumba. Huo ndio mwaka ambao Mabika alicheza vizuri kuliko miaka yake yote. Alifunga kwa wastani zaidi ya alama 16 kwa kila mechi, akachaguliwa tena kwenye mechi ya nyota, na mwisho wa msimu aliwekwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima. Maana yake ni kwamba alihesabiwa kati ya wachezaji 10 bora kabisa.

Sparks haikupoteza mechi hata moja katika michuano ya mwisho ya mwaka huo. Seattle, Utah na New York, kila moja ilipigwa mara mbili. Mechi ya mwisho dhidi ya New York ilikuwa ya kushika moyo. Timu zilikuwa sawa 66 kwa 66, sekunde chache zimebaki, ndipo Nikki Teasley, arrière mwenzake Mabika, alipopiga mpira wa alama 3 ukaingia. Ikawa 69 kwa 66, na ubingwa wa pili mfululizo.

Mwaka wa 2003 walikaribia wa tatu. Walifika fainali tena, wakakutana na Detroit Shock. Kila timu ilishinda mechi moja, na ya tatu ilichezwa Detroit mbele ya watu 22,076, umati ambao ligi hiyo ilikuwa haijawahi kuuona kabla ya hapo. Detroit ilishinda 83 kwa 78. Enzi ya Sparks ya miaka ile ilifungwa hapo.

Mwisho wa safari

Mabika alibaki Los Angeles hadi mwaka wa 2007. Misimu 11 katika klabu moja si kitu cha kawaida katika michezo ya kulipwa, ambapo mchezaji huuzwa na kuhamishwa bila kuulizwa. Mwaka wa 2008 alivaa jezi ya Houston Comets, timu ileile iliyomzuia njia mwaka wa 2000. Ulikuwa msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo, na wa mwisho kwa Houston pia. Mwezi wa Desemba 2008 klabu hiyo yenye mataji 4 ilifungwa kwa sababu haikupata mwenye kuinunua.

Jambo hilo lina somo lake. Hata Marekani, basketi ya wanawake iliishi kwa shida. Mishahara ilikuwa midogo sana ukilinganisha na ya wanaume, msimu ulikuwa wa miezi michache ya kiangazi tu, na wachezaji wengi walilazimika kwenda kucheza Ulaya ama Asia wakati wa baridi ili wapate riziki ya mwaka mzima. Kukaa misimu 12 katika kazi kama hiyo kulihitaji mwili wenye nguvu na roho isiyokata tamaa.

Baada yake mlango ulifunguka kidogo. Mzaliwa mwingine wa Kinshasa, Bernadette Ngoyisa, aliingia WNBA miaka ya 2000 na kuchezea timu za San Antonio na Chicago.

Kilichobaki nyumbani

Tangu mwaka wa 1996, Afrika imepeleka ekipe ya basketi ya wanawake katika kila Olimpiki. Senegal ilikwenda Sydney mwaka wa 2000, Nigeria ikaenda Athens 2004, Mali ikaenda Beijing 2008, Angola ikaenda London 2012, Senegal ikarudi Rio 2016, na Nigeria ikaenda Tokyo, kisha Paris 2024. Huko Paris Wanigeria walifika robo fainali, jambo ambalo hakuna timu ya basketi ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imelifanya.

Kongo, iliyofungua njia hiyo, haijarudi. Ubingwa wa Afrika wa 1994 ndio wa mwisho hadi leo.

Sababu si kwamba wasichana wa Kongo wamepoteza kipaji. Vita vilivyoanza miezi michache baada ya Atlanta vilivunja mashindano kati ya majimbo. Timu ya Bukavu haikuweza kwenda kucheza Kisangani, wala ya Goma kwenda Kinshasa, kwa sababu kulikuwa na mstari wa mapigano kati yao. Shule ziligeuzwa makao ya wakimbizi, na viwanja vikajaa mahema. Familia iliyohama mara tatu ama nne haina nafasi ya kufikiria mazoezi ya binti. Inafikiria maji, kuni na usalama wa binti huyo njiani. Na pale penye amani, pesa za michezo zimekwenda kwanza kwa wanaume, na kati ya wanaume zimekwenda kwanza kwa mpira wa miguu.

Dikembe Mutombo, aliyewavisha wachezaji wale wa Atlanta, alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Kinshasa inamkumbuka kwa hospitali aliyoijenga na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa mwaka wa 2007. Msaada wake wa mwaka wa 1996 hautajwi sana. Lakini bila msaada ule ni vigumu kuona jinsi ekipe ile ingesimama mbele ya dunia ikiwa na heshima yake.

Kombe la Dunia la 1974 lilikuwa mechi 3, mabao 14 ya kufungwa na sifuri ya kufunga. Nchi haikuona haya kuwakumbuka wachezaji wale, na ilifanya vizuri, kwani kufika kwao kulikuwa ni ushindi. Wanawake wa 1996 nao walifika, na mmoja wao aliendelea hadi kileleni. Kwa hiyo msichana anayepiga mpira kwenye uwanja wa udongo, penye mti uliofungwa pete ya chuma, akiambiwa kwamba huo si mchezo wa wasichana wa hapa, ana jibu lake tayari. Wasichana wa hapa walikuwa mabingwa wa Afrika mara tatu, na jina la mmoja wao liko kwenye orodha ya mabingwa wa Los Angeles wa mwaka wa 2001 na wa 2002: Mabika, Mwadi, mzaliwa wa Kinshasa.